Nilikwenda India Kufuata Meno

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kushangaa. Naliweka hilo mwanzo ili tuelewane. Mtu aliyeanza kubeba magunia sokoni Kibaigwa akiwa amevaa kandambili za rangi mbili tofauti, akaja kumiliki malori matatu na ghala lake mwenyewe, huyo ameshaona kila kitu. Nimeona gunia la mahindi lenye mawe katikati. Nimeona dalali akiuza mzigo mmoja kwa watu watatu kabla ya saa nne asubuhi, na wote watatu wakampa mkono. Nimeona meneja wa benki akiinuka kwenye kiti kunipokea mimi, mtu wa darasa la nne kutoka milimani Kondoa. Sasa jino lilipoanza kuniuma nikajiambia, jino nalo litanionyesha nini?

Limenionyesha. Naandika haya kwa ajili ya wewe ambaye hivi sasa unatafuna upande mmoja na kujifanya huoni. Binti yangu Rukia amenirekebishia nukta na herufi kubwa, lakini maneno ni yangu, na hasira ni yangu pia.

Kwanza ujue meno kwangu yalikuwa nini. Sokoni kwetu mnunuzi hupima ukavu wa mahindi kwa kung'ata. Mashine zipo, unamimina punje ndani inakusomea namba, lakini mwenye mzigo haamini mashine ya mnunuzi, na mnunuzi haamini mashine ya mwenye mzigo. Meno hayana betri ya kuchezewa. Unachota punje kutoka tumboni mwa gunia, siyo za juu, za juu ni za kukuonyesha wewe mgeni. Unaiweka kwenye gego, unabana. Iliyokauka inapasuka, ka! Mbichi inabonyea. Na kati ya ka na kubonyea kuna hatua kama saba hivi, na mimi nilikuwa nazijua zote saba. Nikibana punje nilikuwa naweza kukwambia ilianikwa siku ngapi na kama ilinyeshewa njiani. Wauzaji wakiniona nasogea wanashusha bei kabla sijafungua mdomo. Walikuwa wanaambiana, "Huyo Shabani huyo, hapigwi." Sikusoma, sikurithi shamba, sina mjomba serikalini. Kutopigwa ndiyo ilikuwa shule yangu na urithi wangu.

Fizi zilianza kuvimba kifuku cha mwaka juzi, mvua zikiwa zimekolea. Nikisukutua maji ya chumvi natema mekundu. Nikanunua karafuu, nikazibana mpaka shavu likafa ganzi. Kinywa kikaanza kunuka. Nasema wazi, kwa sababu wewe unayenisoma unajijua. Nikawa nalala nimegeukia ukutani, na mke wangu Mwajuma akafikiri nimenuna.

Mwezi wa Ramadhani, siku moja tunafuturu, nikala tende moja nikatema kokwa mbili.

Mwajuma ana macho. "Baba Rukia, hilo ni jino."

"Ni kokwa."

"Kokwa lina mizizi?"

Nikalifunika kwa kisahani. Wiki mbili baadaye likafuata la pili, upande wa kushoto, nikiwa nakula wali tu, wali mtupu. Magego yaliyobaki yakawa yanacheza kama misumari kwenye mbao iliyooza. Nikahamishia kazi meno ya mbele. Ndugu yangu, meno ya mbele hayasikii. Nikanunua magunia mia mbili na kumi kwa mtu mmoja mpole sana, ananiita kaka kila neno la pili, mahindi mazuri kwa macho. Baada ya siku kumi ukiingiza mkono kwenye gunia unatoka na jasho. Yalikuwa yanachemka humo ndani. Yakaota ukungu, nikayauza kwa mfuga nguruwe, mimi Mwislamu, kwa bei ambayo hata nguruwe wangeona aibu.

Habari Kibaigwa haihitaji simu. Asubuhi yake nilipochukua punje nikaipeleka mbele, kuli mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Siku hizi bosi anang'ata kama mbuzi." Wakacheka. Nami nikacheka, huku nimefumba mdomo.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno Dodoma mjini. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaitwa saa saba mchana. Kwenye benchi tulikuwa kumi na wawili, kila mtu ameshika shavu lake, tunatazama televisheni ya ukutani inaonyesha bunge bila sauti. Wanafungua midomo, wanafunga. Mama mmoja pembeni yangu akasema, "Wale wote wana meno, ona." Hilo tu ndilo lililonichekesha siku ile.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Rukia. "Shikamoo baba." Akanichungulia, akapiga picha, akaniambia sita hayaokoki. Kisha akaniambia ninaweza kupandikiziwa manne, skrubu ndani ya mfupa na jino juu yake, na bei ni milioni kumi na sita.

"Mwanangu, mimi nanunua vingi. Nifanyie ya jumla."

"Baba, meno hayana bei ya jumla," akacheka. "Kuna ya kuvua na kuvaa, hayo ni nafuu sana."

"Ya kuvua? Nivue mbele ya wauzaji, nipanguse, nivae?"

"Baba, wengi wanayavaa na hakuna anayejua."

Nikamwambia nitarudi. Kila mfanyabiashara anajua maana ya nitarudi. Yule binti alikuwa mtu wa kweli, na laiti ningekaa kwenye kile kiti. Lakini kuna bwana anauza vipuri mjini, yeye aliniambia kwamba India kazi hiyo hiyo inafanywa kwa nusu ya bei. Nusu! Sikioni mwangu neno nusu linaingia kama adhana. Rukia, ambaye ni karani ofisi za serikali kule Mtumba, akanitafutia kliniki kwenye simu. Wakatuma picha za meno meupe, wakatuma bei: milioni nane, pamoja na gesti, na siku moja ya kutembezwa kuona lile kaburi jeupe maarufu la malkia. Nikazunguka soko zima. Mwenye kuuliza nilimwambia, asiyeuliza nilimwambia vilevile: "Nusu ya bei, na utalii juu."

Nyumbani ndipo pakawaka.

"Twende wote," Mwajuma akasema.

"Tiketi ya pili inaua nusu."

"Kiingereza hujui. Kihindi hujui. Ukizimia huko nani atajua hata jina la mama yako?"

"Nimefanya biashara na Wachina kwa vidole. Hawa watanishinda?"

"Wachina walikuwa wanakuuzia taa za lori, Shabani. Hawakukuingiza bisibisi mdomoni."

Akiniita Shabani ujue ameudhika. Hakusema nami siku tano. Lakini begi alilipanga yeye, na unga wa uji akaweka, wa ulezi, umefungwa mara tatu. Nami nikaondoka peke yangu, kifua mbele, fizi zinapwita kama mtima.

Sitaeleza safari ya ndege, kila mtu ana ya kwake. Nitaeleza chumba cha kungojea, maana huko ndiko nilikoishi. Viatu mlangoni, viti vya plastiki vilivyoungana, namba kwenye karatasi. Yangu ilikuwa arobaini na moja. Palikuwa na Mwarabu, palikuwa na mama Mnaijeria na kilemba cha dhahabu, palikuwa na wazee wa kizungu, na wote tumeshika shavu kwa mkono ule ule. Hakuna hata mmoja aliyejua nina malori matatu. Nilikaa humo saa sita nikiwa arobaini na moja.

Kliniki ilikuwa imeajiri mama mmoja wa kuwatafsiria Waswahili, Mama Kusum, mzee wa miaka sabini, Mhindi mzaliwa wa Tanga aliyehamia kwao akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, ila cha zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula? Vizuri, maana hutakula tena karibuni. Fungua kinywa." Akachungulia, ingawa si kazi yake. "Masalale! Shamba hili limeachwa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Na mkeo yuko wapi?"

"Nyumbani."

Akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari. Mpaka leo sijui aliandika nini, lakini nahisi kilikuwa juu ya akili yangu.

Waling'oa sita na kupanda skrubu nne siku hiyo hiyo. Maumivu hayakuwepo, nisikudanganye, sindano ya ganzi ilifanya kazi. Lililokuwepo ni sauti. Unasikia mashine ya kukoboa inafanya kazi ndani ya kichwa chako, na mahindi ni wewe. Daktari alikuwa kijana mpole, anaimba kwa sauti ya chini. Alipomaliza akanionyesha kioo. Afadhali asingenionyesha. Kesho yake shavu lilikuwa limejaa kama gunia la lumbesa, lile tunalolishindilia mpaka linaota kichwa. Jicho la kulia limebaki mstari. Damu kwenye mto. Nikakoroga uji wangu wa ulezi kwa maji ya moto ya bomba pale gesti, nikanywa kwa upande, nusu ukarudi kifuani.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya utalii. Daktari alisema nipumzike, nisiende juani. Mama Kusum akatafsiri mara mbili, ya pili kwa kidole.

"Mama, safari imo kwenye bei. Nimelipia."

"Kaburi limekaa pale miaka mamia, baba. Halitahama wiki hii."

"Nimelipia," nikasema, pamba mdomoni.

Nikapanda basi. Saa nne kwenda. Mwenye kutembeza anaeleza kwa Kiingereza, watu wanauliza maswali, mimi siwezi kuuliza hata choo kiko wapi, nimefunga mdomo kama mtu aliyeficha kitu. Tukafika. Ni kweli, ni jengo. Jeupe, kubwa, limetulia. Nilitaka kujua limejengwa na mafundi wangapi, na mawe yaliletwa kwa chombo gani, na nani alilipia usafiri. Hakuna wa kumwuliza. Jua la kule haliwaki, linakandamiza. Damu ikaanza kuvuja kupitia pamba, nikaketi kwenye ngazi na leso shavuni, na watu wananipita wanapigana picha.

Nje ya geti palikuwa na mtu anakamua juisi ya miwa. Aliniona, akavunja kipande cha barafu, akakiweka kwenye mfuko wa nailoni, akanishikisha shavuni kwa mkono wake. Nikatoa pesa. Akazisukuma. Nikatoa tena, maana mimi sipendi deni. Akatikisa kichwa, akaendelea kukamua miwa. Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka tulipoitwa kwenye basi, na nakiri machozi yalinitoka, ingawa mpaka leo Rukia namwambia lilikuwa jasho. Picha yangu ya utalii ni moja tu, abiria mwenzangu alinipigia: kaburi nyuma, mbele mtu mwenye shavu kama chungu. Nikaituma nyumbani, dada yake Mwajuma akaisambaza. Kibaigwa nzima waliiona kabla sijatua.

Sasa sikia kilichoniudhi zaidi. Skrubu zinahitaji miezi mitano kushikana na mfupa, ndipo unarudi kuwekewa meno yenyewe. Unarudi! Tiketi nyingine, viza nyingine, gesti nyingine. Rukia anasema waliandika tangu mwanzo na alinisomea. Inawezekana. Aliponisomea mimi nilikuwa bado nasikia nusu.

Nikarudi nyumbani kifuku kinaisha. Miezi mitano ya uji, mtori, ugali laini kama wa mtoto. Suruali zikaanza kunivuka, nikatoboa mkanda matundu mawili mapya kwa msumari. Watoto wa ndugu walinisalimia shikamoo huku wanatazama mashavu yangu yaliyoingia ndani. Mwajuma alinipikia kila siku, kwa hasira. Anaweka bakuli mezani kama anapiga muhuri.

"India hukutaka nije. Uji je, unautaka kutoka kwa nani?"

"Kwako, mama Rukia."

"Basi kunywa."

Kiangazi kikaingia, mavuno yakashuka, malori yakapanga foleni barabarani tangu alfajiri. Huo ndio msimu wangu. Nami nilikuwa nakaa ndani ya ghala, nawaachia madalali waning'atie, wanipe jibu wanalotaka wao. "Kavu, bosi." Kila mzigo kavu, bosi. Nilipigwa msimu mzima na nilijua napigwa, kama mtu anayetazama mfuko wake ukikatwa huku mikono imefungwa. Kila jioni nilipapasa skrubu zangu kwa ulimi, nne, baridi, nikawaambia wale madalali kimoyomoyo, ngojeni, nikirudi mtaniona.

Kabla ya safari ya pili nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikwenda kwenye gunia ninaloliamini, mahindi yaliyokauka sawasawa, nikachagua punje kumi na mbili, nikazifunga kwenye leso, nikaziweka mfuko wa ndani wa koti. Sokoni kwetu hulipi mzigo kabla hujaupima. Mahindi unayapima kwa meno. Meno je, utayapima kwa nini kama si kwa mahindi? Kwangu lilikuwa jambo la wazi kabisa, na hata sasa, nikilifikiria polepole, naona lilikuwa na akili yake.

Chumba kile kile, viatu vile vile. Safari hii nilikuwa kumi na tisa. Daktari akafunga meno manne juu ya skrubu, akanibanisha karatasi ya rangi kuona yanagusana wapi, akasugua hapa na pale. Kioo. Nikajiona. Sikudhani ningependeza hivyo. Mama Kusum akaanza kutafsiri masharti: leo vyakula laini, na siku zote usivunje vitu vigumu, usifungue chupa, usitafune mfupa, usitafune...

Mimi nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni.

"Hiyo nini, baba?" Mama Kusum akauliza.

"Napima."

Nikaweka punje kwenye gego jipya la kulia, nikabana kama nilivyobana miaka ishirini na tano.

Ka!

Sauti ilikuwa nzuri. Ndiyo ile ile ya mahindi makavu, na kwa muda wa kufumba na kufumbua nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini mle. Kisha nikasikia kitu kinazunguka mdomoni. Nikatema kiganjani. Punje nzima, haina hata ufa. Na nusu ya jino.

Daktari aliacha kuimba. Mama Kusum alikaa. Mhudumu aliyekuwa na bili mkononi akarudi nayo nyuma ya mlango.

"Baba," Mama Kusum akasema taratibu, "umetoka Tanzania na hindi mfukoni?"

"Kumi na mbili, mama."

"Masalale."

Daktari akachukua punje, akaigeuza, akaigonga mezani. Akazungumza kwa muda, hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Mama Kusum akatafsiri. Jino limevunjika, na ile skrubu imelegea kidogo, lazima itulizwe na itengenezwe kofia mpya, yaani lile jino la juu yake. Siku tisa. Na gharama hii si yao, ni yangu.

Nikasema nitalipa. Nikasema watengeneze ngumu zaidi, ya chuma kama inawezekana, maana mimi kazi yangu ni hii. Nikamweleza Mama Kusum soko, punje, zile hatua saba, akamweleza daktari. Daktari akatikisa kichwa. Na hapa ndipo nilipoambiwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, na labda sikuwahi kukiuliza.

"Anasema hata ingekuwa chuma, haitakusaidia. Jino ulilozaliwa nalo lilikuwa limekaa juu ya hisia, ndiyo maana lilikuwa likikwambia habari. Hili limekaa ndani ya mfupa kama msumari kwenye ukuta. Utakula nalo nyama, utacheka nalo. Lakini halitakwambia kitu, baba. Halisikii."

"Halisikii kabisa?"

"Kabisa. Pole sana, baba."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kliniki, mchana, pikipiki zinapiga honi. Nimevuka bahari mara mbili kufuata sikio langu, nao wameniuzia ukuta. Nikampigia Mwajuma.

"Mama Rukia, nimevunja."

"Umevunja nini?"

"Jino."

"Lipi?"

"Jipya."

"Kwa nini?"

"Punje."

Nikasikia ameweka simu mezani. Nikasikia anacheka, kisha kicheko kikabadilika, na sikuwa na uhakika tena kama ni kicheko. Nikangoja, salio linateketea. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa chini.

"Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza. Mengine utanieleza ukija."

Siku tisa nilikaa. Mama Kusum alinipeleka kwake mara tatu, akanilisha wali wa dengu uliopikwa ukalainika mpaka ukawa kama mtori, na kila mara alinikagua mifuko ya koti mlangoni. Zile punje kumi na moja alizichukua. Alizipanda kwenye ndoo kibarazani.

Nilirudi na meno manne yanayong'aa na mashine ya kupimia unyevu, ya mkononi, niliyoinunua mwenyewe baada ya kusema zaidi ya mara mia kwamba sitainunua kamwe. Wiki ya kwanza sokoni ilikuwa fedheha. Namimina punje, inasoma namba, mwenye mzigo anasema, "Bosi, hiyo umeiseti wewe." Nikipandisha sauti wanasema, "Ng'ata basi, si umekwenda India?" Na huko nyuma kuli yule yule: "Usimwambie ang'ate, atakudai jino."

Mwajuma ndiye aliyepata dawa. Alikuja ghalani siku ya soko kubwa kuniletea chakula, akasimama akasikiliza tunavyobishana na muuzaji, akaniambia mbele za watu, "Mpe mashine aishike mwenyewe. Achote yeye, amimine yeye, asome yeye." Nilimwangalia kwa hasira. Kumpa mwenye mzigo kipimo! Nikampa, basi tu kumkomoa mke wangu. Yule bwana akachota, akamimina, akasoma, akasoma tena. Akashusha bei mwenyewe. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya, na kwa kuwa namba wanaitamka wao, hawana wa kubishana naye. Mwajuma sasa anakuja kila siku ya soko. Hakai nyuma.

Meno nakula nayo. Niwe mkweli, nakula nyama ya mbuzi mpaka mfupani, nalala nimegeukia upande ninaoutaka, na kinywa changu ni kisafi. Wewe mwenye uvimbe, usikate tamaa. Nenda mapema, kabla hayajawa sita. Nenda na mtu. Usiende juani na jeraha kwa sababu umelipia jua. Yatakayokuuma zaidi ni mambo usiyoyauliza.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wiki iliyopita alikuja Mzee Chilewa, Mgogo, mkulima tunayeheshimiana tangu nikiwa kuli. Shavu limevimba, anaongea kwa upande.

"Mbukwa, Shabani."

"Mbukwa, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua ile namba ya India. Nimeshapata mteja wa ng'ombe wangu kumi. Umesema wewe, nusu ya bei."

Nilikuwa nimesema. Nilisema kabla ya kwenda, nikasema niliporudi na shavu, nikasema hata baada ya kuvunja, kwa kila aliyeuliza, kifua mbele. Madalali wanne walikuwa wamesimama kwenye mzani, masikio yote kwetu. Muuzaji mmoja alikuwa na mashine yangu mkononi. Mwajuma alikuwa ameketi juu ya gunia ananitazama.

Nikamwambia Mzee Chilewa aende kwanza kwa yule binti wa Dodoma mjini, aliyenitajia milioni kumi na sita, na amwulize pia yale ya kuvua, bila kuona haya.

"Kumi na sita?" akasema. "Na wewe kule ulitumia ngapi, nane?"

Karatasi ya hesabu aliyoniandikia Rukia ninayo kwenye pochi, tiketi za safari mbili, viza, gesti, jino lililovunjika, siku tisa na tiketi iliyobadilishwa. Sikuhitaji kuitoa. Nikamwambia kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mzani: shilingi milioni kumi na tisa, laki tatu na arobaini na saba elfu, na mia tano.